Mteja akiitikia kwa kichwa

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi safu ya mbele, wasanifu wenzangu, na nyinyi vijana ambao wino wa vyeti vyenu bado haujakauka, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie msanifu majengo na mteja wake, wanaishije vizuri kazini. Niliposoma barua ya mwaliko nilicheka peke yangu, maana mwenyekiti anajua fika kwamba mteja wangu wa kwanza alininunia miaka minne. Basi nianze na huyo, msije mkadhani mnamsikiliza mtu ambaye hajawahi kuharibu.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, akitaka nyumba ndogo ya kuzeekea. Tulikutana mara sita au saba ofisini kwangu, yaani kwenye meza niliyokuwa nimeazima. Kila mara nilimtandazia ramani ya kipimo cha 1:100 na kumweleza: hapa sebule, hapa jiko, hapa chumba chako, jua la asubuhi litaingilia huku. Naye akiitikia kwa kichwa. "Sawa mwanangu. Haya." Mwishowe akasaini kila ukurasa. Nikarudi nyumbani najisifu kwamba nimepata mteja mwelewa, hana maswali mengi.

Kuta zilipofika kwenye lenta, ile boriti ya juu ya madirisha, nikamkaribisha saiti. Akaingia, akasimama katikati ya chumba chake cha kulala, akageuka polepole kama mtu anayetafuta alikoweka miwani. Akauliza, "Kitanda kinakaa wapi?" Nikamwonyesha. "Na kabati la marehemu?" Sikujua kama kuna kabati. Kumbe lipo, la mbao nzito, mumewe alilitengeneza kwa mikono yake, na upana wake ni mita 2.4. Ukuta mmoja tu wa chumba kile ungelitosha, na katikati ya ukuta huo nilikuwa nimefungua dirisha kubwa, kitu nilichokipenda kuliko vyote katika nyumba ile.

Hakugomba. Alisema tu, "Mimi nilidhani unajua."

Dirisha likazibwa nusu yake ya chini. Gharama akazibeba yeye, kwa sababu sahihi yake ilikuwa kwenye kila ukurasa, na mimi kwa utoto wangu nikaona hiyo ndiyo haki. Hapo ndipo salamu zilipokatika.

Sasa leo nataka tulitazame tendo lile la kuitikia kwa kichwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi hii, karibu kila ugomvi wa msanifu na mteja niliousikia, ukiufuata nyuma hatua kwa hatua unakufikisha mahali pamoja: siku moja, mezani, mtu alikubali jambo ambalo hakuliona, na aliyekaa mbele yake akaridhika.

Ramani ni lugha, jamani. Sisi tumekaa darasani miaka tukijifunza kuisoma, na tumesahau kwamba tuliwahi kutoijua. Ile robo duara mteja hajui kuwa ni mlango unaofunguka. Mstari wa vitone haumwambii kwamba juu ya kichwa chake kutapita boriti. Anaona karatasi safi, anaona kijana aliyechoka kwa kukesha, anaona aibu. Na wanaoona aibu zaidi, nimegundua, ni wale wakubwa wa mambo yao: daktari bingwa, jaji, mfanyabiashara aliyezoea kuamua. Mtu ambaye kazini kwake hakuna karatasi inayomshinda hataki kukuambia kwamba hii imemshinda. Basi anaitikia.

Na sisi tunamsaidia kuitikia. Tunamuuliza, "Umeelewa?" Hilo ni swali lenye jibu moja. Nani atasema hapana?

Acheni kuliuliza. Mpeni mteja penseli, mwambieni atembee. Mwambie: umerudi kutoka kazini, mvua inanyesha, mikono yote miwili ina mizigo. Unaingilia wapi? Viatu unavulia wapi? Mizigo inatua juu ya nini? Usiku wa manane mtoto analia, unapita wapi kumfikia? Kisha nyamaza utazame ncha ya penseli. Pale inaposita ndipo ramani yako ina ugonjwa, au ndipo mteja hajaona. Vyovyote vile, umepata kazi ya kufanya kabla haijawa zege.

Njia nyingine ni kumpimia chumba anachokijua. Nenda kwake na tepu. Pimeni pamoja chumba anacholala sasa, yeye ashike ncha moja nawe nyingine. Ukishamwambia, "Hiki chako ni mita 3.2 kwa 3.6, na kipya kitakuwa 3.6 kwa 4.2," namba zinapata mwili. Halafu mpeleke kiwanjani, pigeni vigingi, vuteni kamba, mwageni chokaa. Ila mtahadharishe mapema: chumba kilichochorwa chini kwa chokaa, chini ya anga lote lile, huonekana kidogo kuliko kitakavyokuwa. Msingi nao hudanganya hivyo hivyo. Mteja ambaye hakuambiwa hilo atapiga simu usiku akiwa na hofu kwamba unamjengea stoo.

Modeli ya karatasi ngumu inafaa kuliko mnavyodhani, hasa ikiwa ya ovyo. Modeli mbaya inamwalika mtu aibomoe na kuihamisha. Iliyonakshiwa inamwambia asiiguse. Kuhusu picha za kompyuta nina mashaka yangu, na vijana mtanisamehe. Ni nzuri mno. Lenzi imetanuliwa mpaka sebule imekuwa ukumbi, jua ni la saa kumi na mbili jioni kila siku, na ukuta wa jirani haupo. Ukimwonyesha mteja picha ya namna hiyo umempa ahadi ambayo mkandarasi hakuisaini. Onyesheni, ila onyesheni pia ile ya mchana wa mawingu, kutoka mahali ambapo mtu atasimama kweli.

Mteja asiyeitikia tu ni hazina, hata akikuchosha. Mwaka 1924 katika mji wa Utrecht, Uholanzi, mjane mwenye watoto watatu, Truus Schröder, alimwendea fundi wa samani aliyeitwa Gerrit Rietveld amjengee nyumba. Rietveld alikuwa hajawahi kujenga nyumba nzima. Yule mama alikuja na madai yanayoshikika: kila chumba kitanda kiweze kukaa walau namna mbili, kila chumba kiwe na maji yake, kila chumba kiwe na mlango wa kutokea nje. Na ghorofani alitaka pawe wazi, aishi pamoja na watoto wake, kuta ziwe za kusukuma, zifungwe usiku na kufunguliwa mchana. Ili kanuni za ujenzi za wakati ule ziwaruhusu, kwenye ramani ya kibali ghorofa ile iliandikwa kuwa ni nafasi ya darini tu. Mama Schröder aliishi humo mpaka alipofariki mwaka 1985, zaidi ya miaka 60, na tangu mwaka 2000 nyumba hiyo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tazameni yale madai. Hakusema anataka nyumba ya kisasa, wala "kitu cha kupendeza". Alisema kitanda kikae namna mbili. Mteja wako naye anayo madai kama hayo, ila hajui kuwa ndiyo unayoyahitaji. Anadhani unahitaji idadi ya vyumba. Kazi yako ni kuyachimba. Mwulize ni nini katika nyumba anayoishi sasa kinamuudhi kila siku. Mwulize ni samani gani hawezi kuachana nayo. Hilo swali la pili, mnajua nililipia nini kulijifunza.

Twende kwenye pesa, mahali ambapo wote wawili mnaona haya.

Mteja huficha bajeti yake kwa sababu anaamini ukiijua utaimaliza. Msanifu huficha gharama kwa sababu anaogopa mteja atakimbia kabla hajaona uzuri wa wazo. Wanafichana miezi minne, kisha mkadiriaji majenzi, yule anayepiga hesabu za gharama za ujenzi, anakuja na namba, na siku hiyo urafiki unakwisha. Mficha uchi hazai. Kikao cha kwanza, kabla ya penseli kugusa karatasi, mimi husema hivi: "Nitajie kiasi ambacho kikizidi utashindwa kulala. Nitasanifu chini yake, na nitakuwekea akiba ya dharura ndani yake, kwa sababu ardhi ina siri na bei zinapanda." Akikataa kutaja, nampa ukubwa wa nyumba aliyoielezea, nalinganisha na gharama ya mita moja ya mraba ya jengo la aina hiyo, tunapata namba mbele yake pale pale. Uso wake ndio unaonijibu.

Na jambo ambalo wateja wengi hawajaelezwa: gharama ya ujenzi siyo gharama ya mradi. Kuna ada zetu, za mhandisi na za mkadiriaji. Kuna vibali, upimaji wa udongo, kuunganishiwa maji na umeme, kodi, uzio, samani. Mwandikieni yote kwenye karatasi moja mapema. Mkadiriaji naye msimwite mwishoni kama mtu wa kuthibitisha kifo. Mwiteni wakati wa mchoro wa awali, tena wakati wa mchoro kamili, tena kabla ya zabuni.

Mkataba msiuone aibu. Mnaifahamu nyumba ya kioo ya msanifu Mies van der Rohe karibu na Plano, jimbo la Illinois, iliyokamilika mwaka 1951. Mteja alikuwa Edith Farnsworth, daktari wa figo kutoka Chicago. Walikutana kwenye chakula cha jioni mwaka 1945, wakaelewana, wakawa wanakwenda pamoja kutazama mto na kiwanja. Mkataba wa maandishi hawakuwa nao. Gharama zikapanda mpaka kufika takriban dola 74,000, na kufikia jengo kumalizika walikuwa hawazungumzi ila kupitia mawakili. Msanifu alimshtaki mteja akidai malipo, mteja naye akamshtaki msanifu. Wanafunzi wetu wanaichora nyumba ile kila mwaka. Natamani mara moja tu wangeambiwa waandike barua ya ukurasa mmoja ambayo ingewaokoa watu wale wawili: nini kitafanywa, kwa ada gani, italipwa lini, na gharama ikipanda nani anaamua. Walipendana kama marafiki, wakaona barua ya namna hiyo ni ya wageni. Nami nasema, rafiki ndiye wa kuandikiana naye kwanza.

Kuhusu ada nitapita haraka. Igaweni kwa awamu: mchoro wa awali, mchoro kamili, michoro ya ujenzi, usimamizi, makabidhiano. Kila awamu iwe na kitu mkononi mwa mteja, naye awe na haki ya kuishia hapo. Mtu analipa bila kinyongo akiona alichokilipia. Na msitoe punguzo la ada kabla hamjaulizwa. Nimewaona.

Sasa, mteja ni nani? Mnacheka, lakini jiulizeni. Wamekuja mume na mke. Mume anazungumza, mke ameshika simu. Miezi sita baadaye simu imewekwa chini na jiko lote linahamishwa. Anayenyamaza mezani ndiye nimejifunza kumwogopa, kwa heshima. Kwa hiyo huwapa kila mmoja karatasi yake, mbalimbali, waandike mambo matano wanayoyataka, ndipo tunayasoma kwa sauti pamoja. Wakitofautiana, watofautiane siku hiyo, mimi nikiwa shahidi, kuliko wagombane baadaye kupitia kuta zangu. Ikiwa ni kamati, ya shule au ya nyumba ya ibada, nauliza jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema ndiyo, na naomba liandikwe. Kamati ina vichwa kumi na viwili, na vyote vinaweza kuitikia.

Kuna nyakati anayelipa siye atakayeishi. Msanifu Hassan Fathy alipopewa kazi ya kijiji cha Gourna Mpya, ng'ambo ya Luxor, Misri, mwaka 1945, aliyempa kazi ilikuwa Idara ya Mambo ya Kale, iliyotaka kuwaondoa wanakijiji juu ya makaburi ya kale. Fathy aliwapenda watu wale kwa dhati. Alijenga kwa udongo wao. Lakini wengi wao hawakutaka kuhama, na kijiji hakikukamilika kama kilivyokusudiwa. Usanifu wenyewe ulikuwa mzuri, unasifiwa mpaka leo. Swali la kwanza, la kama watu wenyewe wanataka kuhama, lilikuwa limejibiwa na ofisi kabla msanifu hajafika. Ukikuta swali kama hilo limejibiwa kwa niaba ya watu, litaje waziwazi kwa anayelipa, hata kama si wewe utakayelibadili.

Niseme kuhusu mabadiliko. Mnayachukia, nayajua malalamiko yenu: mteja alikubali, sasa amegeuka. Mwaka 1962 msanifu Louis Kahn alikuwa na mpango uliokubaliwa wa taasisi ya utafiti ya Jonas Salk kule La Jolla, California, mabloku manne ya maabara yenye bustani mbili kati yake. Salk, yule wa chanjo ya polio, akakaa nao, moyo ukakataa, akamwomba Kahn waanze tena. Kahn akakubali. Kutoka hapo yakaja majengo mawili yanayotazamana na uwanja mmoja ulio wazi kuelekea bahari ya Pasifiki, uwanja ambao watu wanatoka mbali kuja kusimama humo kimya. Wawili wale walikuwa na msingi wa kuanzia upya, kwa sababu tangu mwanzo Salk hakumpa Kahn orodha ya vyumba peke yake. Alimwambia anataka maabara ambayo angeweza kumkaribisha mchoraji Picasso. Sentensi moja ya namna hiyo hupimia kila mchoro unaofuata. Mchoro ukiikosa, wote wawili mnaona.

Lakini Salk aligeuka ikiwa bado karatasi. Hilo ndilo la kumfundisha mteja wako siku ya kwanza: kuhamisha mlango kwenye mchoro wa awali ni dakika tano, kwenye michoro ya ujenzi ni siku kadhaa, maana mhandisi na fundi umeme nao wanahamisha vya kwao, ukutani ni nyundo, vumbi, na fundi anayedai siku zake. Mweleze bila kumtisha. Kisha kila badiliko baada ya kusaini liandikwe: limetoka kwa nani, linaongeza nini katika gharama, linaongeza siku ngapi, na liwe na sahihi kabla fundi hajagusa tofali. Mimi na wasaidizi wangu tuna kanuni kwamba kila kikao, hata cha simu, kinafuatwa siku hiyo hiyo na ujumbe wa mistari michache: tumeamua hili, hili tumeliacha wazi, fulani atafanya hili kufikia tarehe fulani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano ni mali.

Hadi hapa nimemsema mteja. Lakini kuna kichwa kingine kinachoitikia mezani, nacho ni chetu.

Mteja anasema, "Tutahamia kabla ya mwisho wa mwaka, siyo?" Nasi tunaitikia. "Na hii haitazidi bajeti?" Tunaitikia. "Tuanze msingi wakati unaendelea kumalizia paa?" Tunaitikia, tukijua.

Jumba la Opera la Sydney lilianza kujengwa mwaka 1959, wakati muundo wa yale mapaa yake haujapatiwa ufumbuzi, kwa sababu wanasiasa walitaka kazi ianze kabla upepo haujageuka. Jørn Utzon alikuwa ameshinda shindano la usanifu miaka miwili tu nyuma yake. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama dola milioni 7 za Australia. Hesabu ya mwisho ikafika milioni 102. Serikali ikabadilika, waziri mpya akabana malipo, Utzon akajiuzulu mwaka 1966. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973 bila yeye. Mwaka 1999 walipatana, akaombwa aandike misingi ya usanifu itakayoongoza mabadiliko ya jengo siku zijazo, na aliifanya kazi hiyo akiwa mbali. Alifariki mwaka 2008 hajalitia jicho jengo lake likiwa limekamilika. Lawama zake zimegawanywa na watu wengi na sitaki kuzigawa upya hapa. Nachukua jambo moja dogo: msingi ulimwagwa juu ya swali ambalo lilikuwa halijajibiwa, na kila aliyekuwepo alilijua.

Na habari mbaya? Hapa nina kisa changu kingine, nacho kinaniuma kuliko cha kabati.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa. Nilichora boriti ikakatiza juu ya ngazi vibaya. Kutoka daraja la nane hadi chini ya boriti kulibaki mita 1.78, na kwa kawaida tunataka isipungue mita 2. Mteja wangu alikuwa mtu mrefu. Niliigundua Jumatano. Nikajiambia, nitafute suluhisho kwanza, nimpigie Ijumaa nikiwa na jibu mkononi, nisionekane mjinga. Alhamisi mzee akapita saiti peke yake, na fundi mkuu, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Mzee, hapa itabidi uwe unainama."

Ijumaa nilipompigia alinisikiliza mpaka mwisho, michoro ya marekebisho na kila kitu. Kisha akasema, "Boriti nimeisamehe. Ulijua tangu juzi, ukalala usingizi."

Tangu hapo hatulali. Kosa likigunduliwa, simu inapigwa siku hiyo hiyo, na ni mimi ninayepiga, siyo msaidizi. Namwambia ninachokijua, ninachokitafuta, na saa nitakayompigia tena. Suluhisho linaweza kuja kesho. Ila vijana, someni pia masharti ya bima yenu ya dhima ya kitaaluma, ile inayowalinda mkidaiwa kwa kosa la kazi. Nyingi zinataka mwiarifu kampuni ya bima mapema, na msikiri kulipa kabla hawajajua. Kumwambia mtu kwamba boriti iko chini mno ni haki yake. Kumwandikia kwamba utagharamia kila kitu ni jambo jingine, na linasubiri ushauri.

Kuna wateja wa kuwakataa, nalo niliseme. Anayewatukana mafundi mbele yako. Anayekuja na michoro ya msanifu mwingine akisema yule "alikuwa na shida", na hataki uwasiliane naye. Wasiliana naye. Huenda ada yake bado haijalipwa, na mara nyingi hata michoro si mali ya mteja kuigawa. Anayekuomba upunguze nondo, huyo msimkatalie kwa tabasamu. Hilo ni hapana ya maandishi, na mhandisi apate nakala.

Na jengo likikamilika, msikimbie. Kuna kile kipindi cha uangalizi wa kasoro baada ya makabidhiano, mara nyingi miezi sita au kumi na miwili, ambapo mkandarasi anarudi kurekebisha nyufa na milango iliyovimba. Wengi wetu hurudi saiti siku ya mwisho, na kalamu tu. Rudini katikati, siku ya mvua kubwa. Rudini mketi. Mtaona mlango mliougombania umezibwa na jokofu, na pembe mliyoidharau ndiko watu wote wanakokaa.

Yule mwalimu wangu mstaafu alinipigia baada ya miaka minne. Binti yake alitaka kujenga. Nilikwenda nikiwa na hotuba ya kuomba radhi niliyoifanyia mazoezi njiani. Hakunipa nafasi ya kuitoa. Alinipitisha hadi chumbani, kabati likiwa pale pale, na juu yake ile nusu ya dirisha iliyobaki, mwanga wa asubuhi ukiwa umekaa juu ya mbao kama kitambaa. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na mapajani ana tepu ya kupimia. Mama akaichukua, akanikabidhi ncha, akashika sehemu iliyobaki, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Kwanza kabati," akasema. "Andika."